Siku ya afya ya akili ilipita, sanduku la maoni likabaki: yaliyotukuta shuleni kwa miaka mitatu

Chaki Mkononi (mleta uzi):

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, asiye na muda aupite tu, atarudi jioni.

Nafundisha biolojia sekondari, huu ni mwaka wa kumi na mbili. Miaka mitatu iliyopita nilitupiwa jukumu la kuratibu ustawi wa wanafunzi. Nasema nilitupiwa kwa makusudi. Kikao cha walimu kilikuwa kinaelekea kufungwa, mkuu wa shule akauliza nani atashika hilo, wote tukaangalia viatu vyetu, mimi nikakohoa. Ikawa imetoka hiyo.

Tulianza na siku maalumu, kama wengi. Bango getini, fulana, mgeni rasmi, igizo, hotuba tatu kuhusu msongo wa mawazo zilizosomwa juani hadi watoto wawili wa kidato cha kwanza wakakaa chini kwa kizunguzungu. Jioni tukapongezana. Kesho yake, kipindi cha kwanza, mwenzangu mmoja akarudisha karatasi za jaribio kwa kuita majina kuanzia aliyeongoza hadi aliyeshika mkia, na maksi akazitaja kwa sauti. Yule wa mwisho alipoinuka darasa zima lilikuwa linacheka. Fulana ya jana alikuwa bado ameivaa ndani ya shati la shule, maandishi yanaonekana kwa mbali: "Tunakujali".

Kilichobaki katika siku ile ni sanduku la maoni. La mbao, lina kufuli, ufunguo anao makamu mkuu wa shule, limepigiliwa ukutani nje ya ofisi ya utawala. Baada ya mwezi tukalifungua. Maganda ya pipi, kalamu iliyokwisha wino, vikaratasi vitatu. Kimoja matusi. Kimoja kinaomba mpira wa wavu. Cha tatu kilikunjwa na kukunjwa hadi kikawa kama kidonge: "Naomba maksi zetu zisisomwe kwa sauti."

Hicho kidonge ndicho kilichonigeuza. Mwanafunzi hakai shuleni kwa ajili ya kipindi kimoja cha ustawi Ijumaa mchana. Anakaa darasani siku nzima, wiki nzima. Kama ufundishaji wenyewe unamvunja, mnasihi atakuwa anafuta maji huku bomba liko wazi. Kwa hiyo tuliacha mabango kwanza, tukaanza kuangalia tunavyofundisha. Naendelea chini.

Chaki Mkononi:

Tuanze na hizo maksi.

Kuna jaribio la Ruth Butler la mwaka 1988 ambalo kila mwalimu angepaswa kulijua kabla hajashika kalamu nyekundu. Aligawa wanafunzi makundi matatu. Kundi moja lilirudishiwa kazi likiwa na alama tu, la pili maelezo tu, la tatu vyote viwili. Waliopata maelezo tu ndio walioendelea vizuri zaidi na kubaki na hamu. Waliopata vyote viwili hawakuwa na nafuu ya maana kuliko waliopata alama tupu. Mtoto akiona namba, macho yanaishia hapo. Anaangalia yake, anaangalia ya jirani, anakunja karatasi. Yale maelezo uliyokesha ukiyaandika hayasomi.

Tukakubaliana katika idara yetu (idara tu, shule nzima ilikuwa bado) kwamba karatasi zinarudi bila alama. Wiki ya kwanza ilikuwa vurugu. "Mwalimu, sasa nitajuaje nimepata ngapi?" Nikaulizwa hivyo mpaka koridoni. Tukapata njia ya kati: alama zipo kwenye daftari langu, na kila mmoja anakuja kuiona yake peke yake, akiwa ameandika upya swali moja alilokosa.

Na maelezo yenyewe yawe na kazi ndani yake. "Ongeza bidii" si maelezo. Mfano wa niliyomwandikia kijana mmoja: "Osmosisi umeieleza vizuri mpaka mstari wa nne. Kuanzia hapo maji 'yanavutwa' lakini husemi yanavutwa na nini. Andika upya mistari miwili ya mwisho." Alirudi baada ya siku mbili na mistari mitano. Mitatu ilikuwa sahihi.

Mzee wa Hesabu:

Mkuu, haya ni mazuri ukiwa na watoto ishirini. Mimi nina sabini na nne kwenye mkondo mmoja, mikondo mitatu. Nikimwandikia kila mmoja insha ya osmosisi nitazikwa na kalamu mkononi. Halafu silabasi inanisubiri.

Chaki Mkononi:

Mzee wangu, hata mimi nina sitini na kitu. Siandiki insha. Nikisahihisha karatasi kumi na tano za mwanzo, makosa yameshaanza kujirudia. Kwa kawaida yanakuwa manne au matano. Nayaandika kwenye karatasi yangu kwa namba, na kwenye kazi ya mwanafunzi naandika namba tu pembeni: 2, au 4. Kipindi kinachofuata maelezo yote manne yako ubaoni, kila mtu anatafuta namba yake. Inanichukua muda mfupi kuliko kujumlisha maksi, tena sihangaiki na nusu nusu.

Kuhusu silabasi: kuimaliza na watoto hawakumbuki kitu, umemaliza wewe.

Chaki Mkononi:

Hapo tunaingia kwenye la pili, na hili ndilo ninaloliamini kuliko yote. Dakika saba za mwanzo wa kipindi.

Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana na kupima amesahau kiasi gani, akachapisha matokeo mwaka 1885. Alichokiona ni kwamba kusahau kunakwenda kasi sana mwanzoni, saa na siku za kwanza, kisha kunapungua mwendo. Maana yake, somo la Jumatatu lisiloguswa tena mpaka wiki ya mtihani limeshakwenda zamani. Sasa mwaka 2006 Roediger na Karpicke wakafanya hivi: wanafunzi wa chuo wakasoma matini, kundi moja likairudia kuisoma, jingine likafunga kitabu na kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojipima walikumbuka kama asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42.

Ndiyo maana mtoto anakwambia "mwalimu, jana usiku nilikuwa najua yote". Hadanganyi. Jana usiku alikuwa anajua. Kusoma tena na tena, na kupaka rangi mistari ya kitabu, kunakupa hisia ya kujua, na hisia hiyo inakwisha mlangoni mwa chumba cha mtihani. Hofu nyingi ya mtihani ninayoiona darasani inatoka hapa. Mtoto amejitahidi kweli, kichwa kimekuwa kitupu, anahitimisha kwamba yeye ni mjinga. Hajawahi kufundishwa namna ya kusoma.

Ninavyofanya: naingia, maswali manne yako ubaoni. Mawili ya kipindi kilichopita, moja la wiki mbili nyuma, moja la muhula uliopita. Madaftari yamefungwa. Wanaandika kimya dakika nne, tunajibu pamoja dakika tatu, kila mtu anajisahihisha. Hakuna maksi, hakuna kukusanya karatasi.

Hilo la kutokukusanya nililijua kwa gharama. Mwanzoni nilikuwa nakusanya na kurekodi. Baada ya wiki tatu nikagundua binti mmoja, mtulivu, anaomba ruhusa ya kwenda chooni kila kipindi changu kikianza, anarudi dakika ya nane. Nilikuwa nimetengeneza mitihani midogo mitatu kwa wiki nikidhani naondoa hofu ya mitihani. Nilipoacha kurekodi, safari za chooni zilikoma zenyewe. Sikumuuliza kitu.

Pumzi Ndefu:

Uzi mtamu. Lakini mbona hugusi mitindo ya kujifunza? Kuna wanaoelewa kwa kuona, wengine kwa kusikia, wengine kwa kutenda. Sisi tuliwapima wanafunzi wote na kuwapanga. Pia tuna dakika kumi za kutulia na kuvuta pumzi kila asubuhi, naona ingefaa kwenu.

Chaki Mkononi:

Pumzi Ndefu, asante. Hiyo mitindo nami niliifundishwa chuoni na niliiamini miaka. Mwaka 2008 Pashler na wenzake walipitia tafiti zilizokuwepo, hawakukuta ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtoto kwa "mtindo wake" kunamsaidia kujifunza zaidi. Mchoro wa moyo unamfaa kila mtu kwa sababu moyo una umbo, na wimbo wa ndege unausikiliza kwa sababu ni sauti. Kinachoamua ni somo. Ubaya wa kuwapanga ni kwamba nimeshaambiwa na mtoto, "mimi ni wa kusikia, kusoma sikuwezi". Nani alimfunga huyo?

Kuhusu pumzi, sina ugomvi nayo, hata mimi huvuta kabla ya kikao cha wazazi. Ila kuifanya somo la lazima kwa wote ni jambo jingine. Uingereza walifanya utafiti mkubwa uitwao MYRIAD, shule zaidi ya 80, wanafunzi zaidi ya 8,000, matokeo yakatoka 2022. Mafunzo ya utulivu wa fikra yaliyotolewa na walimu darasani hayakuleta nafuu ya afya ya akili kuliko yale shule zilikuwa zikifanya tayari. Wanafunzi wengi hata hawakuwa wakifanya mazoezi yenyewe wakitoka darasani. Anayependa afanye, ila msimamizi wa ratiba asidhani amemaliza kazi.

Mama Wawili:

Samahanini walimu, mimi ni mzazi tu nimeingia. Wa kwangu yuko kidato cha tatu. Anarudi jioni, anafanya kazi za nyumbani mpaka saa sita usiku, saa kumi na moja alfajiri namwamsha kwa kumvuta mguu. Nimemwambia mwalimu wake wa darasa, jibu nililopewa ni kwamba wenzake wanaweza. Kweli ni mvivu?

Chaki Mkononi:

Si mvivu, dada yangu. Hesabu yako ni saa tano za usingizi. Wataalamu wa tiba ya usingizi wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa wenye umri wa miaka 13 hadi 18. Isitoshe, balehe inasogeza saa ya mwili mbele: homoni ya melatonini, inayoambia mwili kwamba sasa ni usiku, inachelewa kutoka kwa kijana kuliko kwa mtoto mdogo. Hata ukimlaza saa mbili atageuka geuka. Asubuhi unamwamsha wakati mwili wake bado unadhani ni usiku wa manane.

Mji wa Seattle, Marekani, mwaka 2016 ulisogeza muda wa kuanza shule za sekondari kutoka saa 1:50 asubuhi hadi saa 2:45. Watafiti waliwavisha wanafunzi vipimo mkononi, wakakuta wanalala dakika 34 zaidi kwa siku. Wengi wetu tungebashiri kwamba watatumia nafasi hiyo kuchelewa kulala. Walilala kweli.

Sisi muda wa kuanza hatukuweza kuugusa, uko juu ya uwezo wetu. Tulichoweza ni viwili. Prepo ya alfajiri bwenini ilifutwa, na kazi za nyumbani zikawekewa kalenda moja ukutani mwa ofisi ya walimu: siku moja haipokei zaidi ya masomo mawili. Ukichelewa kuandika jina lako, siku imejaa, subiri kesho. Wakuu, ile prepo ya alfajiri ilikaribia kutugombanisha. Kuna mwalimu alisema kwa uchungu kabisa kwamba yeye alifaulu kwa kuamka saa tisa usiku na miguu ndani ya beseni la maji. Nilimheshimu, lakini nikamuuliza wenzake wangapi wa darasa lile hawapo kwenye hadithi hiyo. Tuliamua kwa kura, tukashinda kwa kura tatu.

Kwako mama: nenda na ratiba iliyoandikwa. Andika wiki moja tu, kazi gani, somo gani, alianza saa ngapi, alimaliza saa ngapi. Mwalimu wa darasa anaweza kubishana na "mtoto anachoka", karatasi yenye saa ni ngumu kubishana nayo.

Kiranja wa Zamani:

Mimi nimemaliza miaka miwili iliyopita, niwaambie upande wetu. Shuleni kwetu mwalimu wa ushauri nasaha ndiye huyohuyo alikuwa mwalimu wa nidhamu. Asubuhi anakuandika kwenye kitabu cha makosa, mchana anakwambia "njoo unieleze linalokusumbua". Miaka minne sikumwona mtu akiingia kule kwa hiari.

Chaki Mkononi:

Umenichoma. Na sisi ilikuwa hivyohivyo, tena ofisi yake mlango unatazama uwanja wa mstarini. Ukiingia, shule nzima imekuona, kabla hujakaa umeshapewa jina.

Tulitenganisha kofia hizo mbili. Mnasihi hana kitabu cha makosa, hakai kamati ya nidhamu. Chumba tukakihamishia nyuma ya maktaba, kwenye stoo ya vitabu vibovu. Anayeingia maktaba hajulikani kaenda kuazima kitabu au kaenda kulia. Viti viwili, havitazamani uso kwa uso, vimewekwa kama pembe ya meza. Hilo la viti ni wazo la mnasihi mwenyewe, akasema mtoto anaongea zaidi akiwa na mahali pengine pa kutupia macho.

Na siri ina mpaka, mwanafunzi anaambiwa mapema kabla hajafungua mdomo: akisema kuna anayemdhuru, au anafikiria kujidhuru, hilo halibaki chumbani, litapelekwa kwa anayeweza kumlinda. Mwalimu si daktari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, kwa hiyo katika darasa langu mimi ni wengi. Kazi yetu ni kuona mapema na kumfikisha kwa mtaalamu.

Mzee wa Hesabu:

Nimejaribu dakika saba wiki hii. Nakiri, darasa lilitulia kuliko nilivyotegemea. Ila nikiuliza swali kwa mdomo bado wanaojibu ni walewale watano. Wengine ni sanamu.

Chaki Mkononi:

Unasubiri sekunde ngapi, mzee? Mtafiti Mary Budd Rowe alirekodi walimu wengi darasani, akakuta wanasubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumtaja mwingine au kujijibu wenyewe. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yakawa marefu, na waliokuwa kimya wakaanza kuongea. Mimi nilijirekodi kwa simu nikakuta ni chini ya sekunde moja. Niliona aibu peke yangu. Siku hizi nahesabu kwa vidole nikiwa nimeficha mkono nyuma. Kimya kile mwanzoni kinatisha, unaona kama kipindi kimekufa. Vumilia.

Jicho la Darasa:

Na uonevu je? Kwetu ndio unaofukuza watoto shule, si hesabu.

Chaki Mkononi:

Hapo nilijifunza kwa Dan Olweus, aliyeanzisha mpango wake wa kuzuia uonevu katika shule za Norwei mwaka 1983. Nilichokichukua kwake ni kimoja: uulize wanafunzi wenyewe, bila majina, halafu watu wazima wawe mahali uonevu unapotokea. Tulichora ramani ya shule, tukapiga nakala, kila mwanafunzi akaweka alama ya X mahali asipopenda kupita peke yake. Nyuma ya vyoo, tulijua. Ngazi za ghorofa ya pili wakati wa mapumziko, hatukujua. Zamu ya mwalimu ikahamishwa kutoka getini, ambako hapakuwa na X hata moja, ikapelekwa ngazini.

Sehemu ya tatu kwa wingi wa X ilikuwa koridoni, mbele ya ofisi ya walimu. Ramani ile ilizunguka mezani na hakuna aliyesema kitu kwa muda. Mwishowe mwalimu mmoja akasema, "Ni pale tunapowapigisha magoti." Ilikoma muhula ule.

Mama Wawili:

Nimefanya ile ratiba ya wiki moja. Mwalimu wa darasa ameipiga picha, amesema ataipeleka kikaoni. Tuone. Swali langu la mwisho mkuu, matokeo yenu ya mtihani yalipanda?

Chaki Mkononi:

Biolojia yalipanda, kwa kiasi, hasa wale wa chini. Masomo mengine yapo palepale, na sitasema ni dakika saba au ni kulala au ni mkondo tu wa mwaka ule ulikuwa mzuri. Vilibadilika vingi kwa pamoja. Walimu wawili wamerudia kusoma maksi kwa sauti, tunaongea nao. Na walimu wenyewe nao wamechoka, hilo linataka uzi wake, nisiuanzishe hapa.

Kiranja wa Zamani:

Sanduku la maoni liliishia wapi?

Chaki Mkononi:

Lipo. Tulilihamishia maktaba na ufunguo anakaa nao mnasihi. Tulilifungua Alhamisi, kulikuwa na vikaratasi kumi na moja. Tisa vinalalamikia mlango wa tatu wa choo cha wasichana, haufungi kwa ndani. Fundi anakuja Jumatatu.